Shamba la Marehemu Pang Wing-fuk

Fomu ilielekezwa kwa mwenye ardhi, na katika kijiji cha Sha Pui mwenye ardhi alikuwa amekufa miaka mia tatu na kidogo. Hilo halikumsumbua mtu. Pang Wing-fuk alikuwa na kaburi zuri mlimani, uzao wa nyumba tisa, na mashamba yaliyosajiliwa kwa jina lake mpaka leo, ambayo ukoo mzima uliyamiliki kwa pamoja na hakuna mtu mmoja aliyeweza kuyagusa peke yake. Serikali ya Waingereza ilimtambua. Hati za kodi ya ardhi zilimjia kila mwaka, naye hakuchelewa kulipa hata mara moja, sifa ambayo wengi walio hai kijijini hawakuwa nayo.

Kwa hiyo fomu ya Jumuiya ya Utafiti wa Mustakabali ilipofika, mwezi wa nane mwaka 1983, karani wa ukoo hakuona tatizo. Jumuiya yenyewe ilikuwa mabwana kumi na mbili wa mjini, wenye tai, waliojituma kujua wananchi wanataka nini mkataba utakapokwisha. Karani, mwalimu mstaafu aliyeitwa Pang Yiu-cho, alivaa miwani, akaandika mahali pa jina: Pang Wing-fuk. Mahali pa umri aliacha wazi. Mahali pa kazi aliandika: mkulima.

Mkataba hauhitaji maelezo marefu. Mwaka 1898 Mfalme wa China aliwapangisha Waingereza vilima vile na mabonde yake kwa miaka tisini na tisa, bila kumuuliza mtu yeyote wa Sha Pui. Sasa ilibaki miaka kumi na minne, na London na Peking walikuwa wanakutana duru baada ya duru. Kila duru ilipokwisha walitoa tangazo la mstari mmoja, kwamba mazungumzo yalikuwa ya manufaa. Duru moja walisahau kuandika neno "manufaa", na watu wakakimbilia madukani kununua mchele na karatasi za chooni.

Fomu ilikuwa na visanduku vinne. Cha kwanza: Waingereza waongezewe muda. Cha pili: China irudishiwe ardhi, lakini Waingereza waendelee kuisimamia. Cha tatu: China irudishiwe vyote, kwa ahadi ya maandishi kwamba maisha ya watu yataachwa kama yalivyo. Cha nne: kusubiri.

Wanaume waliketi kwenye ukumbi wa mababu alasiri tatu mfululizo kumchagulia marehemu kisanduku.

"Cha kwanza," alisema Pang Sik-tong, msimamizi mkuu wa mali za ukoo, mtu wa tumbo na meno mawili ya dhahabu. "Wazungu ni wapumbavu, lakini tumewazoea."

"Babu yako walimpiga risasi ya paja," alisema karani.

"Ndiyo. Tukazoeana."

"Cha pili kizuri zaidi," alisema Lam-sing, dereva wa lori. "Nyumba inarudi kwa mwenyewe, mpangaji anabaki, anafagia, anapaka rangi. Hasara iko wapi?"

"Hasara ni kwamba mwenye nyumba ana jeshi," karani akamjibu, "na hapendi mpangaji anayempangia yeye pa kuketi."

"We Mwalimu, hivi unakuwaga upande gani?"

"Mimi ni karani. Naandika."

Sik-tong alipiga meza vikombe vikaruka. "Mimi kinachonichefua si visanduku! Wanakaa watu wawili, mmoja wa London, mmoja wa Peking, wanajadili kijiji changu kama vile wanajadili mbuzi. Sisi tunaoishi hapa hatukuitwa hata kusimama mlangoni. Nani analima hapa? Nani kazika wazee wake hapa? Halafu hatuulizwi!"

Aliyekuwa amesimama mlangoni wakati huo, na birika la chai mkononi, ni Chiu-tai.

Jina lake maana yake ni "mwite mdogo wako wa kiume". Wazazi waliokuwa wanataka mvulana waliwapa mabinti majina kama hayo, na kwa Chiu-tai dawa ilifanya kazi: miaka minne baadaye alizaliwa Hon-kei. Tangu hapo kazi ambayo Chiu-tai alizaliwa kuifanya ilikuwa imekamilika, na mengine yote aliyoyafanya yalihesabika kuwa ya ziada. Akiwa na miaka ishirini aliolewa ng'ambo ya mto. Akiwa na ishirini na nne mume alikufa kwa kifua kikuu kabla hawajapata mtoto, na wakwe wakamrudisha kwao na godoro lake. Mila haikuwa na mahali pa binti anayerudi. Lakini mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, Hon-kei alikuwa hajaoa bado, na mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani alihitajika, kwa hiyo mila ikaangalia pembeni. Katika kitabu cha ukoo hakuwemo. Kwenye kibao cha mababu wa mumewe hakuwemo. Kijijini kila aliye mdogo kwake alimwita Shangazi, na hicho ndicho cheo pekee alichowahi kupewa.

Alichokuwa nacho ni shamba. Lilikuwa kipande cha ardhi ya Wing-fuk chini ya barabara, upande wa kijito, ambacho baba yake alipewa kukilima na yeye akaendelea nacho kwa miaka thelathini na mbili. Alilipata likiwa bwawa la mpunga lenye ruba. Alichimba mifereji, akainua matuta, akabeba udongo mweusi wa kijitoni kwa mzega, ndoo mbele, ndoo nyuma, mpaka likawa shamba bora la mboga bondeni. Mboga yake ya choisam, yenye shina tamu na vimaua vya njano, wauzaji wa soko la Sheung Shui waliijua bila kuambiwa ni ya nani. Siku arobaini tangu mbegu mpaka kisu. Alivuna, akapanda, akavuna. Alimzika mama, akarudi akapanda.

Basi aliweka birika mezani, akatoka. Neno la Sik-tong lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Hakuwa bado na sababu ya kulitema.

Wing-fuk alichagua kisanduku cha kwanza, kwa kura tano dhidi ya nne.

Wiki tatu baadaye Jumuiya ilijibu kwa barua ya karatasi nzito. Ilimshukuru Bwana Pang Wing-fuk kwa maoni yake yenye busara na uzoefu. Ilimwomba aje mjini, hotelini, kwenye chai na wawakilishi wengine wa wakulima, tarehe kumi na tano ya Oktoba, saa tisa alasiri. Usafiri utatolewa. Kama ana shida ya kupanda ngazi, tafadhali aarifu mapema.

Karani aliisoma kwa sauti ukumbini, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze wanaume wa Sha Pui walicheka pamoja.

"Waambie anapumzika ndani ya mlima," alisema Lam-sing. "Waje na winchi."

"Atakwenda Mwalimu," alisema Sik-tong. "Ana sura ya kufanana naye."

Kicheko kilipotulia Sik-tong akaleta la pili, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo wakati wa kuondoka. Kulikuwa na kampuni inayotafuta uwanja wa kuweka makontena. Mwaka ule mahakama ilikuwa imeamua kwamba ardhi iliyoandikwa "shamba" kwenye hati za zamani haikulazimika kulimwa, na bonde zima lilikuwa limeanza kuota makontena ya rangi zote. Kampuni ilitaka kipande cha chini ya barabara kwa miaka kumi. Wangemwaga kifusi, wangeweka uzio. "Nani anajua sabini na saba, themanini na saba, tisini na saba kutakuwaje?" alisema, akitaja miaka yote iliyomjia kichwani, pamoja na mmoja uliokwisha kupita. "Bora tule kilichopo mezani. Inatakiwa mihuri tisa tu."

Kipande cha chini ya barabara kila mtu alijua ni kipi.

Chiu-tai aliweka birika chini, safari hii sakafuni.

"Tong," alisema. "Hilo shamba langu."

"La Wing-fuk, Shangazi," alisema Sik-tong kwa upole, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa mwaka mmoja. Alimwita Shangazi kwa niaba ya watoto wake, kama watu wanavyofanya wanapotaka jambo lipite. "Wewe ulikuwa unatusaidia kulitunza."

"Nilikuwa nakusaidia?"

"Usikasirike. Haya ni mazungumzo kati ya ukoo na kampuni."

"Na mimi?"

"Wewe si upande wa mazungumzo."

Karani alisimulia baadaye kwamba aliona rangi ya uso wa Chiu-tai ikibadilika kuanzia shingoni kwenda juu, kama chungu kinachoshika moto. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia ya ukili ya wakulima wa Kihakka, yenye pazia jeusi pembeni, na mikono iliyokuwa mikubwa kuliko mwili. Kwa miaka thelathini na mbili aliingia ukumbini mle kuleta chai na kufagia maganda ya karanga. Siku hiyo alikwenda mpaka kwenye meza ya wanaume, akavuta kiti kilichokuwa cha marehemu mwenyekiti, akakaa.

"Mwalimu, andika."

"Niandike nini, Dada?"

"Visanduku. Cha kwanza: niongezewe muda. Cha pili: shamba nawarudishia, chukueni, limeni kwa midomo, mimi nabaki kulisimamia. Cha tatu: nawarudishia kila kitu na Tong ananiandikia ahadi hapa, mbele ya mababu, kwamba maisha yangu yataachwa kama yalivyo. Cha nne nakijua, ndicho nilichokuwa nafanya siku zote."

Lam-sing alianza kucheka, akaona hacheki mtu mwingine, akaacha.

"Huu ni utani mbaya," alisema Sik-tong.

"Utani? Juzi hapa hapa ulipiga meza karibu ivunjike. Nani analima hapa? Si wewe uliuliza? Nikadhani leo nitaulizwa! Waingereza hawakuwauliza, Peking haiwaulizi, mmelia mpaka chai imekuwa ya chumvi. Huyu babu amekufa, hana hata taya, amepelekewa fomu, amepiga kura, ameletewa barua, wanamuuliza kama magoti yanamuuma akipanda ngazi. Mimi magoti yananiuma! Mimi hapa! Nani ameniuliza?"

"Wewe ni mwanamke wa nyumba nyingine," alisema mzee mmoja pembeni, si kwa ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwingine siku ya wiki.

"Ipi? Nitajie. Nikachukue godoro langu nihamie."

Mzee yule alichukua karanga, akaanza kuimenya.

"Mihuri minane ipo," alisema Sik-tong, na upole ulikuwa umemwisha. "Wa tisa ni wa Hon-kei, na uko kwako. Lete."

Huko ndiko mambo yalikokwama. Hon-kei alipokwenda Uingereza mwaka 1961 alimwachia dada yake muhuri wake wa jiwe, wenye jina lake, ili agonge kwa niaba yake pale inapohitajika. Kwa miaka ishirini na mbili Chiu-tai aligonga. Aligonga fomu za umeme, za maji, za kuchagua wasimamizi. Sik-tong mwenyewe alikuwa msimamizi mkuu kwa kura mojawapo iliyogongwa na Chiu-tai. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ule mkono uliogonga ulikuwa na kichwa.

"Sileti," alisema.

"Fundi wa mihuri yuko sokoni. Nusu saa anachonga mwingine."

"Mwambie achonge. Na mimi nitapanda basi kwenda ofisi ya wilaya nikasema mmeghushi. Nikitoka hapo nawapelekea mabwana wa chai wale barua, niwaambie Bwana Wing-fuk mnayemsubiri hotelini alizikwa kabla bibi yake Malkia hajazaliwa. Watu wa gazeti watapenda."

Hilo la chai liliwauma kuliko la kughushi. Jina la Sha Pui lingechekwa bondeni kote, na vijiji vya jirani havisahau. Wanaume walinong'onezana, kisha wakaamua Hon-kei mwenyewe apigiwe simu, amwamuru dada yake, yaishe.

Walishuka wote mpaka dukani kwa Ah-Loi, penye simu, watu tisa na mwanamke mmoja mbele yao kama mfungwa au kama askari, ilitegemea unatazama kutoka wapi. Huku ilikuwa saa kumi alasiri. Huko Hull, Uingereza, alikouza samaki na viazi vya kukaanga, ilikuwa asubuhi, na Hon-kei alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu tangu afunge duka.

"Dada? Nani amekufa?"

"Wing-fuk."

"Wing-fuk yupi?"

"Babu yetu. Amealikwa chai."

Sik-tong aliinyakua simu, akaeleza juu ya kampuni, miaka kumi, mgao wa kila nyumba, mustakabali, mkataba, duru za mazungumzo, akipaza sauti kana kwamba umbali ulikuwa shimo. Kisha akamrudishia Chiu-tai kwa tabasamu la dhahabu.

"Dada," alisema Hon-kei. "Gonga tu. Umri umekwenda. Pumzika. Nitakuwa nakutumia kitu."

"Nipumzike wapi, Ah-Kei?"

"Nyumbani."

"Nyumba yako, jina lako. Shamba la babu, jina la babu. Kitabu cha ukoo simo, kwa marehemu mume wangu walinifuta. Siku nikifa mtaniweka wapi, ndani ya kontena?"

"Dada, usiseme hivyo, watu wanasikia."

"Wasikie! Nimemgeuza mama yako miaka kumi na moja. Nilikuandikia amekufa, ukatuma kadi yenye picha ya daraja. Sikusema kitu. Nimegonga muhuri wako mpaka kidole kimeota sugu. Sikusema kitu. Wewe kule una mtoto anaitwa Kevin, hajui hata kijiji kiko upande gani wa mto, lakini kwenye mgao yumo, kwenye kitabu yumo, na kesho mabwana wa mjini wakileta fomu nyingine mtamjazia kisanduku. Kevin! Na mimi nipumzike!"

Ah-Loi wa dukani alijifanya anapanga sabuni.

"Sasa unataka nini?" alisema Hon-kei. Alisema kwa kuchoka, kama mtu anavyomwuliza mteja msumbufu. Lakini aliuliza.

Chiu-tai alifungua mdomo. Kwa miaka hamsini na sita hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, kwa hiyo hakuwa na jibu lililotunzwa tayari. Angeweza kusema: shamba. Angesema: liandikwe. Angesema: karatasi. Hasira ilifika kabla ya akili.

"Nataka uje uing'oe hiyo mboga mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yako. Wote mnakaa kwenye viti mnaamua. Njoo, ingia tope mpaka magotini, ng'oa mpaka shina la mwisho. Ukimaliza, nitagonga mara mia."

"Siwezi kuja kabla ya Mwaka Mpya. Duka nitamwachia nani?"

"Basi Mwaka Mpya."

Kulisikika kengele upande wa pili, na mtu akisema Kiingereza. "Viazi vimefika," alisema Hon-kei. "Sawa. Dada, sawa. Waambie wasigonge kitu mpaka nije." Simu ikakatika.

Sik-tong alisema mengi pale dukani, na baadhi yalihusu mama yake Chiu-tai, ambaye alikuwa pia mke wa baba mdogo wa Sik-tong mwenyewe, kwa hiyo alijitukana kidogo na yeye. Lakini Hon-kei alikuwa amesema, mbele ya mashahidi wanane, na mwanamume akisema kwa simu kutoka ng'ambo ni kama amesema mara mbili. Kampuni nayo ilikubali kusubiri mpaka Mwaka Mpya. Bei za ardhi zilikuwa zinaporomoka kila duru ya mazungumzo, na kila siku waliyosubiri ilikuwa faida yao.

Chiu-tai aliporudi nyumbani alipiga hesabu, na hesabu ikazidi kumkasirisha. Siku mia na kumi. Mavuno mawili na nusu. Alikuwa amepewa nafasi ya kuomba kitu chochote duniani, akaomba siku mia na kumi. Alijitukana mpaka chai ikapoa.

Asubuhi alipanda basi kwenda Sheung Shui na kurudi na miche kumi na mmoja ya mbalungi, mizizi yake imefungwa kwenye magunia. Mbalungi unaooteshwa kwa mbegu unazaa mwaka wa saba, ukiwa na haraka. Kwa miaka thelathini na mbili hakuwahi kuotesha kitu kinachozidi miezi mitatu kwenye ardhi ile, kwa sababu moyoni alijua, bila kuambiwa, kwamba si yake. Aling'oa choisam iliyokuwa bado na siku tisa kukomaa, akaiacha inyauke kwenye matuta, jambo ambalo majirani walilitazama kama wanatazama mtu anayechoma nguo zake. Akachimba mashimo. Akapanda. Kisha akaanza kuimwagilia miche maji ya mbolea ya kuku yaliyokaa pipani wiki tatu, kwa upawa wa mti mrefu kama mpini wa jembe.

Sik-tong alipita barabarani akienda kwenye kikao. Alisimama. Alitazama miche, akaihesabu kwa kidole, na uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu. Alishuka mpaka ukingoni mwa shamba, akikanyaga kwa uangalifu, kwa sababu alivaa viatu vipya vya ngozi.

"Shangazi, hapo nimekuvulia kofia!" alisema, na alimaanisha. "Miti ya matunda! Shamba likichukuliwa, mboga fidia yake ni upuuzi, lakini mti wa matunda wanalipa mti kwa mti. Kumbe ndiyo hesabu yako? Si ungesema, tungeelewana zamani. Ila umeiachanisha mno. Ibananishe, weka hata arobaini, wakija kuhesabu hawapimi nafasi."

Chiu-tai alikuwa ameinua upawa, umejaa. Alimtazama kupitia pazia la kofia. Kisha akaugeuza taratibu, bila kurusha, kama mtu anavyommiminia mgeni chai, juu ya kiatu cha kulia, na uliobaki juu ya kiatu cha kushoto.

Sik-tong alitoa sauti ambayo watu waliokuwa barabarani walidhani ni ya bata.

"Una wazimu? Kama hutaki si useme hutaki!"

"Nilisema."

"Lini?"

Akachovya upawa tena pipani. Mtu yule aliyekuwa amejadiliana na makampuni na maofisa wa wilaya kwa miaka ishirini alitazama upawa ukipanda, akageuka, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, kwa kasi ambayo tumbo lake halikuwa limemruhusu kwa muda mrefu.

Maji yale akaimwagia miche. Ilibaki minane ya kumwagilia.